Mashua Iliyokatazwa Maji

Berthe Nkulu alikuwa mtu wa hasira, na hakuna aliyewahi kumsikia akiomba radhi kwa hilo. Wanawake aliokausha nao samaki pale Nchelenge walikwisha mzoea. Walijua kwamba akinyamaza na kuanza kugeuza samaki juu ya moshi kwa kasi, basi kuna mtu amemkosea. Na kwa miaka mingi aliyemkosea alikuwa yuleyule, bodi ya benki kuu.

Usicheke. Ni kweli mama huyu hakuwahi kuvuka mlango wa benki maishani mwake. Lakini benki ilikuwa imeuvuka mlango wake yeye. Mumewe, Jairos Kapembwa, alikuwa mtunza nyumba ya mapumziko ambayo benki iliijenga ukingoni mwa Ziwa Mweru mwaka sabini na mbili, ili wajumbe wa bodi wakichoka na Lusaka waje kuvua samaki kwa raha zao. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitano na vitanda kumi, na kando yake banda la bati lenye mlango mpana. Mle bandani ilikaa mashua, na mashua hiyo iliundwa na baba yake Berthe.

Mzee Evariste alikuwa fundi wa Kilwa ya ng'ambo, upande ambao wenye serikali walikuwa wameanza kuuita Zaire na watu wa ziwani waliendelea kuuita Kongo. Alikaa Nchelenge miezi minne akiichonga kazi hiyo kwa mbao za mulombwa, akilala kwa bintiye. Macho yalikwisha punguza nuru na mkono wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, kwa hiyo kila mtu alijua kuwa ile ndiyo ya mwisho, na yeye mwenyewe alijua kuliko wote. Kila bwato aliyoiunda, maana ndivyo watu wa Mweru wanavyoita mashua, aliitia alama ya duara chini ya kiti cha mbele kwa chuma cha moto. Ile ya mwisho alimpa Berthe chuma akishike.

"Shika weye," alimwambia. "Mukono yangu itaandika nyoka."

Berthe akakishika, moshi ukamwingia machoni, duara likatoka zuri. Kisha watu wa benki wakaja na kopo la rangi nyeupe, wakaandika kwenye omo, ile pua ya mashua, namba ya mali yao: 1/72.

Wajumbe wa bodi walikuja mara moja tu, mwezi wa sita mwaka uliofuata. Walikuwa watano, na kofia zao za jua. Jairos aliwapakia, akawapeleka mbele kidogo, wakashika nyuzi kwa nusu saa bila kupata hata samaki wa kumwonea huruma. Sasa, bwato ya mbao huwa na maji kidogo chini, siku zote, hata ikiwa mpya. Hayo maji hayana ubaya. Unayateka kwa kopo, unaendelea na safari. Lakini mjumbe mmoja, bwana mnene mwenye suruali ya kijivu, aliweka mfuko wake chini, akainama kuutafuta, akateleza, akakaa humo humo. Aliporudi ufukoni suruali ilikuwa imelowa matakoni. Wanawake wa samaki walijitahidi kujizuia. Berthe hakujitahidi sana.

Baada ya miezi miwili ikaja barua. Ilikuja kwa basi la kutoka Mansa, ndani ya bahasha ya kaki yenye mhuri, na Jairos aliifungua kwa kisu ili asiichane. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa ameivaa benki mwilini na moyoni: kofia yenye beji, buti zilizong'aa, daftari la wageni alilolipiga mstari kila Jumatatu ijapokuwa hakuna mgeni aliyekuja. Akamsomea mkewe kipande cha kumbukumbu za mkutano. Kifungu cha saba (a), mapazia ya ukumbi wa mikutano: yanunuliwe ya kijani. Saba (b), likizo ya dereva wa pili: imekubaliwa. Saba (c), mashua ya Nchelenge: itunzwe mahali pakavu, ifunikwe turubai, isishushwe majini bila kibali cha bodi. Saba (d), vikombe vya chai. Hakukuwa na hoja, kikao kikaendelea.

"Mahali pakavu," alirudia Berthe.

"Ni vile banaandika."

"Bashi Febby, bwato ya mbao haikae mahali pakavu. Weye ni mutoto ya ziwa, unajua."

"Najua, mukwai. Lakini ni uamuzi ya bodi."

Jairos alimwita Bana Febby, au mukwai kwa heshima, naye akamwita Bashi Febby, kwa jina la binti yao aliyekwisha olewa Mununga. Hawakuwa watu wa kugombana. Lakini samaki aliowageuza Berthe jioni ile waliungua upande mmoja, kwa sababu mikono ilikuwa jikoni na akili ilikuwa bandani.

Niseme wazi, maana mtu wa bara anaweza asijue. Mbao za mashua hunywa maji, huvimba, hubanana, na kule kubanana ndiko kunakozuia ziwa lisiingie. Itoe majini uiweke chini ya bati la moto, mbao zitajikunja na viungo vitafunguka. Mtu ambaye kazi yake yote ni karatasi anaogopa maji kwa haki. Noti ikilowa inaharibika. Basi wale waheshimiwa walichukua akili ya noti wakaiweka juu ya bwato, wakagonga mhuri, wakanywa chai. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililomkera Berthe kupita yote, kwa sababu mtu mwenye nia mbaya angalau unajua pa kumkamatia.

Mzee Evariste alivuka kuja kumtembelea bintiye mwaka sabini na nne. Hakuketi hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja bandani. Jairos akamfungulia, akaondoa turubai. Mzee hakuona vizuri, kwa hiyo alipapasa. Kidole kikaingia kati ya ubao na ubao. Akasogea, kikaingia tena mahali pengine.

"Juu ya nini munaifungia?" aliuliza.

"Ni amri, Tata."

"Amri ya nani?"

"Ya bodi, kule Lusaka."

"Hawa batu, balisha kupanda bwato?"

"Mara moja."

Mzee alishika ukingo wa mashua kwa mikono miwili. "Weye ukikosa mate mu kinywa, utasema nini? Bwato njo vile. Ishushe leo, Jairos. Ikae mu maji juma moja tu. Itajifunga yenyewe."

Jairos alimtazama mkwewe, akaitazama ile barua iliyobandikwa ukutani, akameza mate. Mkwe kwa watu wa kule si mtu wa kukataliwa. Humkatalii hata kigoda. Lakini Jairos alisema, kwa sauti ya chini, kwamba ataomba kibali. Mzee Evariste akajifuta mikono kwenye suruali, akatoka. Hakumlaumu. Masika yale alikufa huko Kilwa kwa ugonjwa wa kifua. Bwato haikumwua, Berthe alilijua hilo vizuri, lakini ukimwuliza baba yake alikufa kwa nini angekujibu: kwa kuomba kibali.

Jairos aliomba kweli. Aliandika barua tatu, kila moja kwa mwandiko wa kupendeza, kwamba kwa heshima anawajulisha wajumbe kuwa mashua ya mbao ikikaa nje ya maji hufunguka. Jibu la kwanza lilisema barua ya mtunza nyumba imezingatiwa. Berthe alifurahi siku nzima, hadi Jairos alipomweleza kwamba katika lugha ya benki kuzingatia maana yake ni kuweka jambo kwenye faili na kufunga kabati. Jibu la pili lilisema limeahirishwa hadi kikao kijacho. Jibu la tatu lilisema tazama uamuzi wa awali. Wajumbe wenyewe hawakuja tena. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, safari zikapunguzwa, na Jairos akaendelea kutandika vitanda kumi kwa ajili ya upepo.

Mwaka sabini na nane, mwezi wa nane, bahasha ya kaki ikaja siku ya Ijumaa. Jairos aliisoma amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena. Berthe alikuwa mlangoni na beseni la samaki kichwani.

"Soma kwa sauti."

"Bana Febby, kwanza tua beseni."

"Soma."

Kifungu cha tano (b). Kufuatana na ripoti ya mtunza nyumba kwamba mashua namba 1/72 imefunguka viungo, mali hiyo imeonekana haifai. Iteketezwe kwa moto mbele ya mashahidi wawili, na hati ya kuteketezwa iletwe. Karani Bwana Mpundu angefika Alhamisi kusimamia.

Berthe alitua beseni. "Banachoma bwato? Juu ya nini basiiuze? Basimupatie hata mutu?"

Jairos alieleza, na aibu ilikuwa imemjaa usoni. Benki ina desturi yake. Noti zikichakaa haziuzwi wala hazigawiwi, huchomwa, mashahidi wawili hutia sahihi kwamba wameona kwa macho yao. Desturi imewaingia hadi kwenye mifupa. Kiti kikivunjika wanakichoma kwa hati. Mashua nayo vilevile.

"Baliua, sasa banazika," alisema Berthe. "Na wewe ndiye shahidi."

Jairos aliitoa hati ndani ya bahasha. Jina lake lilikuwa limekwisha pigwa taipu kwenye hati, chini kulia, na nafasi ya sahihi juu yake.

Jumapili Jairos alikwenda kanisani mapema, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa. Berthe alisema kichwa kinamwuma. Kichwa hakikumwuma hata chembe. Mara kengele ilipolia alizitungua funguo za banda kwenye msumari, akapita kwa Idah na kwa Ennie, wenzake wa samaki, nao wakawaita wengine, mpaka wakawa wanawake kumi na moja, wengine wakiwa bado na nguo za ibada. Mchana kweupe, jua likiwaka, walifungua banda, wakapanga magogo chini, wakaisukuma bwato hadi kwenye matete. Hakuna aliyewauliza kitu. Mwanamume mmoja aliyekuwa akipita alitazama uso wa Berthe, akakumbuka shughuli mahali pengine.

Kisha wakaizamisha. Ndivyo bwato iliyokauka inavyotibiwa ziwani kule: huiachi ielee, unaizamisha. Waliijaza mawe, wakakaa humo ndani wote pamoja, sketi zikielea pembeni, mpaka maji yalipopanda juu ya ukingo na mbao zikashuka taratibu kwenye tope, kina cha kiunoni. Idah alikuwa akicheka. Berthe hakucheka. Alipapasa chini ya kiti cha mbele, akaligusa lile duara, na hapo ndipo alipolia, kwa hasira tupu, huku amekaa ndani ya maji kama mtu anayeoga.

Jairos aliporudi alikuta banda tupu. Katikati, chini ya turubai, kulikuwa na mtumbwi wa gogo wa jirani, mbovu, uliokwisha pasuka vipande vitatu.

"Bwato iko wapi?"

"Inakunywa maji."

Alikaa chini kwenye ngazi na kofia mkononi. "Bana Febby, miaka sita sijadanganya hawa batu hata neno moja."

"Najua. Na hawa batu, miaka sita balikusikiliza neno gani?"

"Mpundu ataniuliza."

"Alors, sema kweli. Iko pale mu matete. Mwambie avue viatu, aende kuichoma mu maji." Sauti yake ilikuwa imepanda, akaishusha. "Papa aliomba juma moja tu, Bashi Febby. Ulimukatalia juu ya karatasi. Leo karatasi njo inakuomba uchome kazi yake na mukono yako. Utafanya, ao hautafanya? Sikuulize kingine."

Siku tatu zikapita. Jairos alilala na kuamka, akang'arisha buti, akapiga mistari kwenye daftari. Berthe alimpakulia chakula bila kumtazama. Alikuwa amekata kauli kwamba kama mumewe atasema, yeye atakwenda Kilwa na hatarudi, na hakuona sababu ya kumtangazia.

Mpundu alifika Alhamisi kwa Landrova iliyopaswa kurudi Mansa siku hiyohiyo. Alikuwa kijana wa mkoba, mwenye miwani, mama yake mtu wa Kasenga ya Kongo, hivyo Kiswahili alikielewa hata alipojifanya hakielewi. Alisimama mbele ya banda, akatazama vipande vya lile gogo, akatazama fomu yake.

"Mashua moja ya mbao. Ni hii?"

Mtu yeyote wa ziwani, hata kipofu, angejua tofauti ya mtumbwi wa gogo na bwato ya mbao za kuunganisha. Mpundu hakujua. Jairos alisimama wima, mikono ubavuni. Berthe alikuwa hatua tano nyuma yake, ameshika kibiriti alichotumwa kuleta. Dereva wa Landrova akageuka kutazama.

"Ndiyo, bwana," alisema Jairos.

"Namba yake iko wapi?"

"Rangi ilibanduka, bwana. Kwa ukavu."

Walilivuta lile gogo nje, likamwagiwa mafuta ya taa, likawaka. Mpundu alisoma hati kwa sauti, mbele ya moto, kama padri, kisha akatia sahihi, akampa Jairos kalamu. Jairos aliandika jina lake lote, kwa mwandiko wake wa kupendeza. Landrova ilipoondoka alikwenda nyuma ya nyumba, akatapika. Berthe alimpelekea maji ya kusukutua, akakaa naye, akamshika mgongo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne hasira yake kumpa nafasi ya kufanya hivyo.

Bwato iliinuliwa mwishoni mwa mwezi. Ilikuwa imefumba viungo vyote isipokuwa kimoja, ambacho Berthe alikiziba kwa pamba na lami kama alivyomwona baba yake akifanya. Aliificha kwenye matete, akaanza kuitumia kupeleka samaki, na watu wote wa Nchelenge walijua, na hakuna aliyesema.

Ungedhani hapo mambo yangeisha. Mwezi wa kumi na mbili ikaja bahasha ya kaki. Kifungu cha nane (f). Kwa kuwa mashua haipo tena, na kwa kuwa nyumba ya Nchelenge ilijengwa kwa ajili ya uvuvi wa wajumbe, nyumba ifungwe. Kazi ya mtunza nyumba imefutwa. Funguo akabidhiwe Bwana Mpundu siku ya Jumatano. Kabla yake, saba (a) hadi (e) na nane (a) hadi (e), yalikuwa mambo ya zulia, ya lifti, ya jinsi ya kuandika tarehe kwenye barua. Hakukuwa na hoja.

Safari hii Jairos ndiye aliyesoma kwa sauti bila kuombwa, na alisoma mara mbili, na mara ya pili kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia kwake. Hapakuwa na neno la ahsante. Hata jina lake halikuwamo. Kulikuwa na "mtunza nyumba" tu. Aliikunja barua mara nne, akaikunja tena, ikakataa kukunjika zaidi, akaendelea kuibana tu kiganjani.

"Miaka sita," alisema. "Vitanda kumi, kila juma."

Berthe alitaka kumkumbusha kwamba alimwonya tangu mwanzo. Badala yake akakaa karibu naye.

Jumatano Mpundu alipofika, nyumba ilikuwa imefagiwa, vitanda kumi vimetandikwa, daftari la wageni liko mezani limepigwa mstari hadi siku ile. Jairos alimkabidhi funguo moja moja akizitaja. Mwisho akavua kofia yenye beji, akaiweka juu ya daftari. Kisha akashuka ufukoni, na Mpundu akamfuata, kwa heshima tu, kumuaga.

Bwato ilikuwa pale mbele ya nyumba, peupe. Magodoro yalikuwa ndani, masufuria, kuku wawili wamefungwa miguu, na Berthe amekaa nyuma na kasia. Walikuwa wanakwenda Mununga, kwa Febby. Kwenye omo, rangi nyeupe ilikuwa haijabanduka hata kidogo: 1/72.

Mpundu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akafungua mkoba wake, akatoa faili, akapekua.

"Mama," alisema polepole, "hii mashua..."

"Ile bwato muliichoma, bwana," alisema Berthe. "Mulisoma karatasi, mukatia sinyature, weye na bwana yangu. Iko mu Lusaka, mu kabati. Hii unaona ni majivu."

"Itabidi niripoti kwa bodi."

Jairos alikuwa amekwisha ingia majini hadi magotini na buti zake zilizong'aa, mikono yote miwili kwenye ukingo. Hakugeuka.

"Ripoti, bwana," alisema. "Watazingatia."

Akasukuma, akapanda. Chini, kati ya mbao, palikuwa na maji kidogo kama kawaida, yakamlowesha Berthe nyayo, naye akachukua kopo akaanza kuyateka.